Sanduku la visahani vya mninga: kifaa cha kufundishia kromatini ya hamira, baada ya kukitumia kwa mihula miwili

Sanduku hili nililinunua kwa shilingi 60,000 kwenye karakana ya fundi seremala hapa Tabora mjini, na kwa mihula miwili sasa nimelitumia kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha sita namna hamira inavyofunga na kufungua jeni zake. Ninalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoizuia haimhusu fundi, ambaye kazi yake ya mikono sina la kuikosoa ila mambo mawili madogo nitakayoyataja mbele. Inakihusu kijitabu cha maelezo kinachofuatana na sanduku, ambacho aliyekiandika hakutia jina lake na ameandika kana kwamba hamira na kuku ni kiumbe kimoja.

Kwanza nieleze kilichomo. Kuna visahani 24 vya mninga vilivyokerezwa kutokana na mabaki ya mbao za milango na vitanda, kila kimoja kikiwa na kipenyo kisichozidi sentimita tatu na mfuo unaozunguka ubavuni mwake. Kuna kamba ya pamba yenye urefu wa mita tano kasoro kidogo, iliyotiwa alama ya wino kila baada ya sentimita moja. Kuna vibanio viwili vya nguo vilivyopakwa rangi ya kijani, pete moja ya shaba, na kijitabu chenye kurasa 12. Kamba ndiyo DNA, na kila sentimita ya kamba inasimama badala ya jozi kumi za besi, ambazo ni herufi za DNA; hizo ni takriban msokoto mmoja wa ngazi ile maarufu. Kisahani ni fungu la histoni nane, yaani protini ambazo DNA huzungushwa juu yake, zilizoshikana, mbili mbili za kila aina kati ya H2A, H2B, H3 na H4. Ukizungusha kamba kwenye mfuo karibu mara moja na theluthi mbili, umepata nukleosomu moja, na nukleosomu zikipangwa mfululizo kwenye kamba ndiyo kromatini.

Nilichukua rula nikapima. Nukleosomu halisi huzungukwa na jozi 147 za besi, kwa hiyo kwa kipimo cha sanduku hili kamba inayokaa kwenye mfuo ingepaswa kuwa sentimita 14.7, mimi nilipata 14 na nusu, na kisahani kimoja tu kati ya 24 ndicho kilichopungua hadi 14. Kwa kitu kilichotengenezwa kwa patasi, msasa na jicho la mtu, hayo ni matokeo ambayo mwalimu wa maabara asiyependa kusifu atalazimika kuyasifu. Wazo kwamba DNA huzungushwa kwenye mafungu ya histoni kwa mpangilio unaojirudia lilitolewa na Roger Kornberg mwaka 1974, na picha kamili ya fungu hilo, inayoonyesha kila atomu ilipo, ilichapishwa na Karolin Luger na wenzake mwaka 1997. Ninawatajia wanafunzi miaka hiyo miwili kwa makusudi, ili waone kwamba kati ya kukisia umbo la kitu na kuliona kwa uhakika ilipita miaka 23.

Kipimo cha sentimita moja kwa jozi kumi kina faida nyingine ambayo fundi hakuikusudia. Jenomu ya hamira ya mkate, yaani DNA yake yote, ambayo mpangilio wake ulikamilishwa mwaka 1996, ina jozi za besi zipatazo milioni 12 zilizogawanywa katika kromosomu 16. Wanafunzi wangu walikokotoa wenyewe ubaoni: kamba ya kuionyesha yote ingekuwa na urefu wa kilomita 12. Ungeweza kutoka nayo katikati ya mji, ukaifikisha kwenye tembe la Kwihara alikokaa Livingstone, na bado ukabaki na kamba ya kukurudisha sehemu kubwa ya njia. Kamba yote hiyo inatakiwa iingie katika kiini cha seli ambayo hata ukiitazama kwa hadubini ya shule unaiona kama nukta. Jeni zenyewe ni kama 6,000, kwa hiyo kwa wastani jeni moja na mazingira yake huchukua mita mbili za kamba, na sanduku zima linatosha jeni mbili na nusu tu. Darasa lililopiga hesabu hiyo haliulizi tena kwa nini DNA ifungwe. Linauliza swali lililo gumu zaidi, na ndilo lililonifanya ninunue kifaa hiki: kama yote imefungwa, inasomwaje?

Hapo ndipo sanduku linapoanza kurudisha thamani ya fedha. Sehemu moja ya kamba, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, fundi ameiloweka katika gundi ya mbao ikakauka na kuwa ngumu kama njiti. Mwanzoni nilidhani ni kasoro, nikataka kurudisha mzigo. Kumbe imefanywa kwa makusudi, na ni ubunifu bora kuliko vyote vilivyomo. Katika jeni nyingi za hamira, kabla kidogo ya mahali unapoanzia unukuzi, yaani kunakiliwa kwa jeni ili isomwe, kuna eneo lenye kama jozi 150 ambalo halina nukleosomu, na moja ya sababu zake ni kwamba eneo hilo mara nyingi lina mfuatano mrefu wa besi A upande mmoja na T upande wa pili. Mfuatano wa namna hiyo ni mgumu kupinda, na DNA isiyopindika haikubali kwa urahisi kuzungushwa kwenye histoni. Mwanafunzi akijaribu kuviringisha ile njiti ya gundi kwenye kisahani, inamkatalia mkononi. Sijawahi kupata maneno, si ya Kiingereza tunachotakiwa kufundishia wala ya Kiswahili tunachoelewana nacho, yanayoeleza jambo hilo kwa upesi kama vidole vyake mwenyewe vinavyomweleza. Kijitabu, cha kushangaza, hakisemi lolote kuhusu njiti hiyo. Nililazimika kumuuliza fundi, naye akasema aliagizwa aifanye hivyo na mtu aliyemletea mchoro. Nyongeza ninayoitoa darasani ni kwamba ugumu wa kamba si sababu pekee, kwa kuwa iko mashine ya protini inayoitwa RSC ambayo nayo husukuma nukleosomu pembeni na kuliweka eneo hilo wazi, na hamira iliyonyimwa mashine hiyo haiishi.

Somo lenyewe ninalolifundisha kwa sanduku hili ni la jeni ya PHO5, na ningemshauri kila atakayelinunua aanzie hapo, maana ni jeni iliyochunguzwa kwa miaka mingi na kila hatua yake inaweza kuonyeshwa kwa kamba na visahani bila kuongopa sana. PHO5 hutengeneza kimeng'enya ambacho hamira hukitoa nje ya utando wake ili kikate fosfeti kutoka kwenye vitu vilivyo karibu. Fosfeti ikiwa tele, kimeng'enya hicho hakina kazi, na jeni imefungwa. Fosfeti ikiadimika, jeni hufunguliwa. Ninawapangia wanafunzi promota ya PHO5, yaani kipande cha DNA kilicho kabla ya jeni ambapo jeni huwashiwa, kama ilivyo wakati wa neema: visahani vinne vimepangwa kwa utaratibu, na kati ya cha pili na cha tatu, ukihesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo wa jeni, kuna kipande kifupi cha kamba kilicho wazi. Protini inayoiwasha jeni hii inaitwa Pho4, nayo ina mahali pawili pa kushika. Pa kwanza pamo ndani ya kile kipande kilicho wazi. Pa pili, ambapo kwa kweli Pho4 hupapenda zaidi, pamefunikwa na kisahani cha pili. Na kisanduku cha TATA, ambapo mitambo ya unukuzi hutakiwa kuanza kukusanyika, kimefunikwa na kisahani cha kwanza.

Vibanio vya nguo ndivyo Pho4. Ninamwita mwanafunzi mmoja abane kibanio mahali pa kwanza, kinashika; ninamwambia abane cha pili mahali pa pili, na kibanio kinateleza juu ya mbao, kwa sababu upande mmoja wa kamba umelala ndani ya mfuo na meno ya kibanio hayaufikii. Muhula uliopita binti mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, sasa nani anakiondoa hicho kisahani? Kibanio hakina mikono." Nilimwambia, "Mwanangu, swali lako lina umri wa miaka zaidi ya 30, na waliolijibu waliheshimiwa kwa kulijibu." Ndivyo ilivyo. Fosfeti inapopungua, kimeng'enya cha Pho80 na Pho85 ambacho huiwekea Pho4 alama ya kuizuia nje ya kiini huacha kazi hiyo, na Pho4 huingia ndani na kushika mahali palipo wazi. Lakini Pho4 haibebi visahani. Huziita mashine nyingine, na hao wageni ndio wanaovitelezesha au kuviondoa kabisa, mpaka visahani vyote vinne vinakosekana, mahali pa pili panakuwa wazi, TATA inakuwa wazi, na unukuzi unaanza. Wachunguzi wa Ujerumani walionyesha mwaka 1986 kwamba nukleosomu hizo nne hubadilika jeni inapowashwa. Baadaye ikathibitika kwamba histoni zenyewe huondoka.

Mashine hizo hazimo kwenye sanduku, na hii ndiyo kasoro yangu ya kwanza kwa upande wa vifaa. Nimetumia mpini wa kijiko kama mashine ya SWI/SNF, nikiuingiza chini ya kamba na kukisukuma kisahani pembeni, na wanafunzi wanaelewa. Lakini kijiko kinakwaruza vanishi. Fundi angeweka kipande cha mti chenye ncha bapa, na angekipaka rangi nyekundu kuonyesha kwamba kazi hii hutumia ATP, yaani nishati ya seli, angekuwa amekamilisha hadithi. Jina la mashine hiyo linastahili dakika tano za darasa. Herufi za mwanzo zinatokana na hamira ambazo zilikuwa haziwezi kubadili jinsia yake, na herufi za mwisho zinatokana na hamira ambazo zilikuwa haziwezi kuchachusha sukari ya mezani. Makundi mawili ya watafiti waliokuwa wakitafuta vitu tofauti kabisa walikuta wameshika mashine moja. Kila mtu hapa Tabora aliyewahi kukanda unga wa maandazi alfajiri anajua hamira inavyoumuka ikipewa sukari kidogo. Ni wachache wanaojua kwamba ili hamira ikate sukari hiyo lazima iwashe jeni ya SUC2, na kwamba bila mashine ya kusogeza nukleosomu jeni hiyo haiwaki ipasavyo. Siku ile nilileta pakiti ya hamira kavu ya dukani, nikaiyeyusha katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari, nikakiweka mezani kando ya sanduku wakati wote wa somo. Povu lilipopanda, sikuhitaji kulieleza.

Jaribio ambalo sanduku hulionyesha vizuri kupita yote ni lile la Michael Grunstein na wenzake la mwaka 1988. Waliitengeneza hamira ambayo jeni yake ya histoni H4 ingeweza kuzimwa kwa kubadili aina ya sukari katika chakula chake, wakaizima, na seli zikaanza kukosa histoni za kutosha. PHO5 ikaanza kunukuliwa, ingawa fosfeti ilikuwepo tele na hakukuwa na amri yoyote ya kuiwasha. Darasani ninawaagiza wanafunzi wavue kisahani kimoja kimoja bila kugusa vibanio, kisha ninapitisha pete ya shaba, inayosimama badala ya polimerasi, mashine ya kunukuu jeni, juu ya kamba tupu kuanzia mahali pa TATA, nayo inapita bila kikwazo. Kabla ya jaribio hilo wapo waliodhani kwamba histoni ni gunia tu la kuhifadhia DNA, na kwamba udhibiti wote wa jeni unafanywa na protini kama Pho4. Baada yake ilikuwa vigumu kuendelea kusema hivyo. Kijitabu hakilitaji jaribio hili hata kwa sentensi moja, na mimi kwa hilo peke yake ningekipunguzia nusu nyota.

Sasa nije kwenye kijitabu chenyewe. Ukurasa wa tatu unaagiza visahani vipangwe kwa umbali wa sentimita 20 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, na kamba ina mafundo madogo kwenye umbali huo. Hiyo ni nafasi inayokaribia ile ya wanyama. Hamira hujirudia kila baada ya jozi 165 hivi, yaani sentimita 16 na nusu kwa kipimo chetu, na kamba inayoachwa wazi kati ya kisahani na kisahani ni chini ya sentimita mbili. Nimehesabu kwamba kwa nafasi hiyo kamba ile ile ingehitaji visahani 29 badala ya 24. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo kwa msomaji asiyefundisha, lakini ina maana kubwa: karibu sehemu tisa kati ya kumi za DNA ya hamira zimezungushwa kwenye histoni, ilhali jeni zake nyingi zinanukuliwa kila siku. Mwanafunzi akipanga visahani mbali mbali, anapata picha ya kamba iliyojaa mianya na kujiuliza ugumu uko wapi. Akivipanga kwa karibu ndipo anapohisi kwamba mwanya wa sentimita 15 kabla ya jeni ni kitu cha pekee, ambacho seli hukitunza kwa gharama. Mafundo yale nimeyafumua na kuweka alama zangu kwa kalamu nyekundu.

Kosa la ukurasa wa saba ni zito zaidi. Pameandikwa kwa herufi nene kwamba kamba iliyofungwa ni jeni iliyozimwa na kamba iliyo wazi ni jeni iliyowashwa. Ni sentensi inayokaririka upesi, na ndiyo maana ninaiogopa. Ziko jeni za hamira ambazo promota yake imekaa wazi na bado hazinukuliwi. Mfano ulio karibu ni GAL1, jeni ya kutumia sukari ya galaktosi: protini ya Gal4 inaweza kuwa imeshika mahali pake tayari, palipowekwa wazi kwa msaada wa ile mashine ya RSC, lakini protini nyingine, Gal80, imeufunika mkono wake wa kuwashia, na hakuna linalotokea mpaka galaktosi iingie. Uwazi wa kamba hutoa nafasi ya kusoma; hautoi amri ya kusoma. Wanafunzi wawili wa muhula uliopita waliiandika sentensi ya ukurasa wa saba katika jaribio langu neno kwa neno, nami niliwakata alama huku nikijua kwamba kosa halikuwa lao. Tangu hapo kijitabu hakiingii darasani. Kimebaki kwenye droo yangu.

Kasoro ya pili ya vifaa ni kukosekana kwa mikia. Kila histoni ina ncha inayotokeza nje ya fungu, laini na isiyo na umbo maalumu, na ncha hizo ndizo ambazo seli huziandika na kuzifuta. Mwaka 1996 David Allis na wenzake, wakichunguza kiumbe kingine chenye seli moja, waligundua kwamba kimeng'enya kinachobandika kundi la asetili kwenye histoni kinafanana na protini ya hamira iliyokuwa ikijulikana tayari kama msaidizi wa kuwasha jeni, yaani Gcn5. Kwa ghafla kitu kilichoonekana kuwa mapambo ya kikemia kikawa sehemu ya udhibiti. Gcn5 hufanya kazi ndani ya mkusanyiko mkubwa unaoitwa SAGA, ambao huitwa kwenye promota na protini za kuwasha. Asetili ikibandikwa kwenye lisini, mojawapo ya asidi amino za mkia, huondoa chaji yake chanya, mkia hulegeza mshiko wake, na mashine kama SWI/SNF na RSC zina sehemu zinazoitambua alama hiyo na kuishikilia. Visahani vya mninga, vikiwa vimepigwa msasa vikawa laini kama sahani za kuchezea, haviwezi kuonyesha lolote kati ya haya. Nilibandika nyuzi za katani kwenye visahani sita kwa gundi na kuzitia ncha ya rangi ya manjano pale ninapotaka asetili iwepo. Wanafunzi walifurahi, nyuzi zikakatika baada ya wiki mbili.

Bila mikia hiyo, kuna somo zima ambalo sanduku haliligusi, nalo ni la maeneo ambayo hamira imeyanyamazisha moja kwa moja. Karibu na ncha za kromosomu, na katika nakala mbili za akiba za jeni za jinsia, protini za Sir hukaa juu ya nukleosomu na kuzibana. Sir2 huondoa asetili kwenye mikia, na mkia wa H4 uliovuliwa asetili hushikwa na Sir3, kisha Sir2 nyingine huja kuvua mkia wa jirani, na ukimya unatambaa kisahani kwa kisahani. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba jeni ya ADE2 ikihamishiwa karibu na ncha ya kromosomu, makundi ya hamira huota yakiwa na mabaka mekundu na meupe: mekundu pale jeni iliponyamazishwa, meupe pale iliposalia kusema, na seli zote zikiwa na DNA ile ile, herufi kwa herufi. Ningetoa shilingi 20,000 za ziada kwa sanduku ambalo lingeniwezesha kuonyesha hilo kwa mkono. Kwa sasa ninachora kwa chaki za rangi.

Pete ya shaba inahitaji neno moja. Ndiyo polimerasi, na inapita kwenye kamba tupu vizuri sana, lakini ikifika kwenye kisahani inakwama. Kijitabu kinasema mwalimu avue visahani vyote vya jeni kabla ya kuipitisha. Usifanye hivyo. Polimerasi halisi nayo huipata nukleosomu kuwa kikwazo, na hupita kwa kusaidiwa na protini zinazolegeza histoni mbele yake na kuzirudisha nyuma yake. FACT na Spt6 ni miongoni mwao. Kurudisha ni muhimu sawa na kulegeza. Hamira yenye Spt6 mbovu huacha kamba wazi katikati ya jeni, na unukuzi huanza kuanzia mahali pasipostahili, kama mtu anayefungua kitabu katikati na kuanza kusoma kwa sauti. Kwa hiyo ninawapanga wanafunzi watatu: mmoja anavua kisahani kilicho mbele, wa pili anasogeza pete, wa tatu anakirudisha kisahani nyuma. Wakipata mwendo wao wanapendeza kuwatazama, na wa tatu akizembea kila mtu anaona madhara yake.

Kuhusu huduma, fundi aliniahidi siku kumi akanikabidhi baada ya siku 19, jambo ambalo anayejua mafundi seremala hatalishangaa. Mninga ni mzito, haupindi kwa joto la hapa, na baada ya mihula miwili hakuna kisahani hata kimoja kilichopasuka mikononi mwa wanafunzi wangu. Mwenzangu anayefundisha Kigoma aliagiza lake, likafika na visahani viwili vimebanduka kingo kwa sababu vilipakiwa bila kitambaa wala karatasi kati yake. Fundi alimtumia vingine bila malipo. Anayeagiza kwa mbali amwambie mapema avifunge kimoja kimoja. Vanishi ilikuwa na harufu kali kwa wiki ya kwanza, nami niliacha sanduku wazi dirishani.

Shule yenye darasa la baiolojia la wanafunzi zaidi ya 40 ingehitaji masanduku mawili, kwa sababu wanaoweza kushika kamba kwa wakati mmoja hawazidi wanane na waliobaki watachoka kutazama. Kwa mwanafunzi mmoja anayejisomea nyumbani bei hiyo ni kubwa. Shanga na uzi wa sokoni vitamfaa, mradi akumbuke kwamba shanga hutobolewa katikati na uzi hupita ndani, ilhali DNA hupita nje.

Wiki iliyopita nilirudi karakanani kuagiza sanduku la pili, nikamwomba fundi aweke visahani 29, aache kamba bila mafundo, aongeze kipande cha kusukumia, na atoboe vitundu vya kupachika mikia ya ngozi. Aliweka randa chini, akaniuliza kila kisahani kiwe na mikia mingapi. Nikamjibu kwamba histoni ni nane, kwa hiyo mikia minane. Akaandika kwa penseli kwenye ubao uliokuwa mbele yake, 29 mara nane, akapata 232, akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hapo kwenye bei itabidi tuzungumze upya."